Ripoti ya Darasa la Kwanza A

Mbele ya karakana ya baiskeli ya Adrien, katika Komini ya Albert, mtaa ambao wenyeji waliuita Kamalondo, palikuwa na benchi la mbao lililochakaa mpaka likang'aa. Kila alasiri saa kumi Mama Edith alikuwa amekwisha kuweka mbabula yake ya makaa pembeni, birika la kahawa juu yake, na vikombe vya bati kwenye sinia. Hapo walikutana watu wale wale. Adrien mwenyewe, aliyeziba matairi huku akibishana, walimwita Pompe, yaani pampu. Émile, mtu wa Kasai, karani wa mahakama ya komini, aliupa kila ugomvi kifungu cha sheria, hata ugomvi wa kuku. Huyo aliitwa Tribunal, mahakama kwa Kifaransa. Donat Ngosa, mwalimu wa darasa la kwanza A katika shule ya mapadri, aliwafundisha kusoma nusu ya wanaume wa mtaa ule, wakamwita Abesede, kwa herufi nne za kwanza. Na wa nne alikuwa Clément Kasonde, mwalimu wa darasa la tano katika shule hiyo hiyo. Hakupita njiani bila rundo la madaftari kwapani, basi wakamwita Kaye, kama watu wa mji ule wanavyoliita daftari. Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1957, na upepo wa baridi ulikuwa ukisukuma moshi wa kiwanda cha shaba juu ya mabati ya mtaa.

Jumatatu moja Clément alifika bila madaftari. Alikuwa na bahasha ya ofisi ya elimu ya jimbo.

Barua ilisema kwamba serikali inatafuta walimu Waafrika wachache wa kusomea usimamizi wa shule na programu za masomo, ili baadaye wawe wakaguzi wasaidizi. Padri Mkurugenzi wa shule yao alikuwa amelitaja jina la Clément. Njia zilikuwa mbili, naye alitakiwa achague moja na kutoa jibu kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ya kwanza ilikuwa masomo ya miaka miwili katika chuo cha mapadri karibu na Kasenga, kando ya mto Luapula. Huko hakukuwa na mtihani wa kuingia. Walichotaka ni sifa kutoka kwa mkurugenzi, pamoja na ripoti moja ya majaribio: mwombaji akague darasa la mwenzake na kuandika aliyoyaona. Ya pili ilikuwa chuo kikuu kipya palepale mjini, ambacho cheti chake kingemweka Clément meza moja na wakaguzi wa Kizungu. Lakini huko kulikuwa na mtihani, kisha mwaka mzima wa maandalizi, na Clément alikuwa na diploma ya ualimu ya miaka minne tu.

Émile aliisoma barua mara mbili kwa sauti yake ya mahakamani. Alisema cheti cha mapadri kinasomeka mahali penye kengele ya kanisa, na cha chuo kikuu kinasomeka hata Bruseli, kwa hiyo hakuna cha kufikiri. Ila alitaka Clément ajiulize kwanza kwa nini Wazungu, waliokagua shule wenyewe miaka yote hiyo, leo wanamtafuta mtu mweusi.

— Kesho banataka kufukuza balimu, alisema. Banatafuta mukono mweusi ya kutia saini. Mwalimu akilia, alilie we, hapana bo Bazungu.

Adrien alikikataa chuo kikuu bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu. Alikuwa ameona kwa macho yake, kwenye stesheni ya gari la moshi, masanduku ya chuo hicho yakishushwa, na moja lilipopasuka ndani mlikuwa na mifupa ya mtu mzima imefungwa kwa waya. Émile akamweleza kwamba hiyo ni ya wanaosomea udaktari. Adrien akauliza kama mwenye mifupa ile naye alisoma, akafeli. Kisha akageukia Kasenga, na huko mambo yakazidi. Alikumbusha habari za batumbula, wale watekaji waliosemwa tangu siku za vita kwamba huwakamata watu na kuwapeleka kwa Wazungu, ambako hulishwa kitu fulani mpaka wakasahau lugha zao na kunenepa kama nguruwe. Njia ya Luapula, alisema, ndiyo njia yao.

— Banaanzaka na barua, alisema Adrien.

Mama Edith alikuwa akimimina kahawa. Akasimulia habari za mtoto wa dada yake, aliyekwenda kusomea ukarani akarudi na suti, akamwamkia mama yake mzazi kwa Kifaransa.

— Ule balimumaliza bila kumunenepesha, alisema.

Walicheka kidogo, na Clément naye alicheka. Donat hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kama alivyozoea siku hizo, uso wake umeelekea barabarani juu ya vichwa vya wapitaji. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye koti moja la kijivu lililopigwa pasi kila siku. Clément alipokuwa na miaka saba, Donat ndiye aliyekishika kidole chake na kukipitisha mchangani, herufi moja baada ya nyingine, kwa sababu vibao vya kuandikia havikutosha.

— Kaye, enda kwa mapadri, alisema Donat. Ile mutihani ya université itakuumiza bure. Kule banataka paka raporo moja tu. Na darasa Padri alikupatia ya kukagua, ni yangu.

Clément alikuwa ameificha sehemu hiyo ya habari. Alikuwa amemwomba Padri ampe darasa la mtu mwingine, lolote, na Padri alimjibu kwamba mkaguzi hachagui. Sasa hakujua pa kutazama.

— Baliniambia asubui, aliendelea Donat. Hakuna neno. Utakuja Alhamisi, nitafundisha somo ya mbuzi. Iko somo yangu muzuri.

Alhamisi Clément aliketi nyuma ya darasa la kwanza A, magoti yake yamebanwa chini ya dawati la mtoto. Mapajani alikuwa na fomu ya ukaguzi, yenye mistari iliyochapwa: daftari la maandalizi, rejista, hewa na mwanga, hali ya ubao, sauti ya mwalimu, usimamaji wa mwalimu, matumizi ya kitabu, nidhamu. Alikuwa amenoa penseli mbili. Mbele yake kulikuwa na watoto hamsini na wanane, mabega yamegusana.

Donat aliingia na koti lake la kijivu. Alitembea hatua nne kutoka mlangoni mpaka mezani, hatua tatu kutoka mezani mpaka ubaoni, na Clément akaandika kwamba mwalimu ana mwendo wa utulivu. Sauti ilikuwa ile ile ya miaka ishirini na saba iliyopita. Donat alitamka silabi, watoto wakaitikia kwa pamoja, na chumba kikajaa mbu-zi, mbu-zi mpaka madirisha yakatetemeka. Clément alijikuta midomo yake nayo inaitikia.

Kisha Donat akachukua kitabu cha kusomea, akakifungua, akaanza kusoma habari za mbuzi wa mama, mbuzi aliyekula majani ya jirani. Watoto nao walifungua vitabu vyao, wakafuata kwa sauti moja. Alipofika mwisho alikigeuza kitabu upande wa darasa, akakiinua juu, akawaambia wamtazame mbuzi vizuri, watazame na pembe zake.

Katika ukurasa ule palikuwa na picha ya gari la moshi.

Hakuna mtoto aliyecheka. Msichana wa dawati la mbele aliinuka bila kuambiwa, akaenda polepole kwa nyayo tupu, akageuza kurasa mbili za kitabu mkononi mwa mwalimu, akarudi kukaa. Donat hakubadilika uso. Ndipo darasa zima likageuka nyuma kumtazama Clément. Watoto hamsini na wanane walimtazama, na yeye aliyekuwa mgeni pale ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Aliomba rejista. Ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mkubwa wa kitoto.

Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walitoka, na wanaume wawili wakabaki.

— Umeona, Kaye, alisema Donat.

— Nimeona, Mwalimu.

— Na mbele ya leo, hukujua?

— Sikujua.

— Basi nilifundisha muzuri. Miaka mbili, hakuna muntu alijua.

Alimweleza bila kulalamika. Ilianza kama moshi wa kuni mbele ya macho, moshi usiotaka kutawanyika. Asubuhi kulikuwa na nafuu. Aliona dirisha, aliona kama kuna mtu, lakini herufi zilikuwa zimekwisha kumwacha moja moja, kwanza zile ndogo za kitabuni, halafu na zile alizoziandika mwenyewe ubaoni. Kitabu kizima alikuwa nacho kichwani kabla hazijaondoka zote. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya walimu wa misheni; akiacha kazi ameacha na nyumba. Mke alikuwa amekufa, watoto hakujaliwa, na ndugu aliyebaki alikuwa mdogo wake mmoja, Martine, muuza samaki wakavu huko Pweto.

Clément alimuuliza aandike nini.

Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za mchezo, na Donat aligeuza kichwa kuelekea sauti hizo.

— Andika kile uliona, alisema. Sikukufundishaka kuandika kintu ingine.

Jumamosi Clément alivaa suruali yake ya kanisani, akaendesha baiskeli mpaka kwenye ofisi za chuo kikuu. Kijana wa Kizungu mezani alimpa kiti, jambo ambalo hakulitegemea, akamweleza taratibu kwamba mtihani ni mwezi wa Septemba, kwamba mwenye diploma ya miaka minne anaweza kuruhusiwa kuujaribu, na kwamba hakuna anayeweza kumwahidi chochote. Akampa karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita ili aone. Clément alikaa kwenye ngazi za nje akaisoma. Maswali yalikuwa manane. Mawili aliyaelewa, moja alilielewa nusu, na mengine matano yalikuwa yameandikwa kwa Kifaransa ambacho alikijua neno kwa neno bila kujua kilichoulizwa. Alikaa pale mpaka jua likahama kutoka kwenye ngazi.

Nyumbani alimweleza mke wake Léonie kila kitu, na habari za macho ya Donat pia. Léonie alikuwa akipiga pasi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aufanye ule mtihani wa chuo kikuu. Akishindwa, darasa la tano bado lipo.

— Kushindwa mutihani haiue muntu, alisema.

Clément akamuuliza watu watasema nini, maana mtaa mzima umekwisha kusikia habari za barua. Hata kule sokoni walikuwa wamekwisha kumwita inspekta, yaani mkaguzi. Léonie alimwangalia kidogo, akatia makaa mengine kwenye pasi, akaendelea na shati.

Siku mbili baadaye, pale kwenye benchi, Clément alifanya jambo ambalo baadaye hakuweza kujieleza kwa nini alilifanya. Donat alikuwa ameketi pembeni yake, bega kwa bega. Mazungumzo yalikuwa yametulia. Clément akauliza, kama mtu anayeuliza habari aliyoisikia mahali, je, kama kuna dereva wa lori ambaye haoni tena vizuri, lakini njia anaijua yote kwa moyo, kila kona na kila shimo, na miaka miwili hajagonga hata kuku, mtu anayelijua jambo hilo afanye nini.

Émile alisema sheria haina mlango wa nyuma. Anayejua na kunyamaza ni mshiriki, na kuna kifungu. Adrien akapinga, alisema dereva anayeona ndiye wa kuogopwa, kwa sababu anatazama wanawake njiani. Alimtaja dereva mmoja wa Mokambo aliyeendesha akiwa amelala, na lori likafika lenyewe. Émile akauliza nani alikuwa shahidi. Adrien akasema shahidi ni lori. Kutoka hapo wakafika kwenye Wazungu, kwamba wanataka kuondoka polepole na wanatafuta mtu wa kuwahesabia madawati na madirisha kabla hawajaiuza nchi kwa watu wa Rhodesia. Na kama kila kitu kitahesabiwa, akasema Adrien, basi na macho ya watu yatahesabiwa, na mwenye macho mabovu atauzwa kwa bei ya chini. Mama Edith aliwaambia wanywe kahawa, inapoa.

Sasa aliongea Donat, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

— Njia anaijua, sawa. Na siku muntu anavuka barabara?

Alikizungusha kikombe mikononi.

— Njia haibadilike, alisema Donat. Bantu njo banabadilika. Ile siku ataua muntu, na hatajua kama aliua.

Akamalizia kahawa yake, akapapasa benchi mpaka akaipata kofia, akaaga. Émile alisema Abesede leo amehukumu kuliko jaji. Clément aliyaangalia makaa ya mbabula. Alikuwa amepewa ruhusa aliyoitafuta, naye alijua kwamba mtu aliyempa ndiye aliyeshika usukani wa lori lile.

Aliandika ripoti Jumatano na Alhamisi, jioni baada ya chakula, kwenye meza ya jikoni. Ilikuwa ya kurasa nne, Kifaransa kilichonyooka, pambizo zimepigwa kwa rula. Alieleza hewa na mwanga. Alieleza mwendo wa mwalimu, sauti yake, nidhamu ya darasa. Ukurasa wa tatu alieleza kitabu, picha ya gari la moshi, rejista, na kwamba uwezo wa mwalimu kuona umekwisha. Aliandika kwamba kwa hali hiyo wanafunzi wanakariri tu. Alipendekeza, kama fomu ilivyotaka, kwamba mwalimu apumzishwe, na watoto wapewe mtu mwenye uwezo. Aliporudia kuisoma aliona ni nzuri, akafurahi. Akaona haya kwa kufurahi. Kisha akaisoma tena. Alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya watoto wale hamsini na wanane, na hakuwa anasema uongo. Kipofu hawezi kusahihisha kibao cha mtoto. Jambo hilo lilikuwa kweli mchana, na lilikuwa kweli hata pale Léonie alipokuja kuchukua taa mezani bila kumuuliza amefika wapi.

Ijumaa alichagua Kasenga.

Padri Mkurugenzi aliisoma ripoti akiwa amesimama karibu na dirisha. Alisema hajawahi kusoma kazi safi kama ile kutoka kwa mwalimu Mwafrika. Kwenye mkutano wa walimu aliwasomea kurasa mbili kama mfano wa kuigwa, bila kutaja jina la mtu, ingawa darasa la kwanza A lilikuwa moja tu, na mwalimu wake alikuwa ameketi pale, mikono magotini. Baada ya siku nane Donat alipata barua yake. Angefundisha mpaka shule ifungwe mwanzoni mwa Julai, na nyumba airudishe mwisho wa mwezi huo. Mwalimu mwenye uwezo hakupatikana. Iliamuliwa kwamba darasa la A liunganishwe na la B chini ya mwalimu mmoja.

Habari ilifika kwenye benchi kabla ya Clément. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, lakini hakuna aliyemtukana. Walisogea wakampa nafasi, kama kawaida, na Mama Edith akammiminia. Adrien aliendelea kuziba tairi lake. Kisha Donat akatokea kwenye kona, mkono wake ukifuata ukuta wa matofali, na Clément akainuka kumpisha.

— Kaa, Kaye. Nafasi iko, alisema Donat. Padri alinisomea raporo yako yote. Kifaransa yako iko sawa. Paka kule ku ukurasa ya pili, aliniambia, ulisahau s moja tu.

Clément alisema atairekebisha. Lilikuwa neno la kipumbavu, na alipolisikia likitoka mdomoni mwake alitamani ardhi imfunike.

Jumamosi ya mwisho wa Julai, alasiri, ndipo Martine alipofika. Alikuwa ameshuka na lori la samaki kutoka Pweto, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kitenge chake bado kinanuka moshi wa kukaushia. Nyumba ya Donat alikuwa ameikuta imefungwa, vitu viwili vitatu vimefungwa kwenye mkeka mlangoni, na jirani akamwelekeza kwenye benchi. Alimsalimu kaka yake kwa kupiga magoti, akamwita Yaya, yaani kaka mkubwa, akampapasa uso kwa viganja vyote viwili bila kujali watu. Kisha akaketi kwenye nafasi waliyomwachia, akapokea kahawa, akauliza kilichotokea. Barua aliyoandikiwa ilisema tu aje amchukue.

Émile ndiye aliyeeleza, kwa kuwa alijua kueleza. Alieleza kuhusu ofisi ya elimu, na chuo cha Kasenga, na fomu yenye mistari. Aliunyosha mkono kwa adabu akamwonyesha Clément, akasema huyu ndiye aliyeandika, na aliandika kwa haki, kwa sababu kuna sheria. Adrien akasema haki ya namna hiyo na ijaribiwe kwanza kwa wenyewe walioileta. Émile akasema si suala la Wazungu. Adrien akasema kila suala ni la Wazungu, hata upepo ule. Kidogo kidogo walikuwa wamerudi kwenye mazoea yao, sauti zinapanda, na Émile alikuwa amefikia kutaja namba ya kifungu, Martine alipoweka kikombe chini.

— Mimi sikusoma, alisema. Munisaidie kusikia. Batoto yake, balikuwa banajua kusoma?

Émile alisafisha koo.

— Raporo inasema banakariri, Mama.

— Siulize raporo. Naulize batoto. Muntu akibapa buku, banasoma, ao hapana?

Émile alimwangalia Adrien, na Adrien akaangalia bisibisi mkononi mwake. Mama Edith alikuwa ameacha kufuta vikombe.

— Nilikuwa nabasikia, alisema Donat taratibu. Sauti ilikuwa inatoka muzuri. Lakini kama macho yabo ilikuwa mu buku, ao balikuwa banafuata paka mimi tu, ile sijue, Martine. Kila siku nilijiuliza.

Aligeuza uso mahali alipodhani Clément ameketi, wala hakukosea.

— Kaye njo ule alikuwa pale na macho, alisema.

Wote walimtazama Clément. Alikuwa amekaa mle darasani saa nzima. Alikuwa amehesabu madirisha na kupima mwanga, ameandika hatua za mwalimu na idadi ya vioo vilivyovunjika. Alikuwa na penseli mbili. Kulikuwa na watoto hamsini na wanane mbele yake na vitabu mikononi, na hakumwita hata mmoja, hata yule msichana aliyeujua ukurasa, akamwambia: hebu nisomee hapa. Fomu haikuwa na mstari wa jambo hilo. Sasa shule ilikuwa imefungwa, watoto wametawanyika likizo, na watakaporudi watakuwa zaidi ya mia katika chumba kimoja.

Alifungua mdomo.

Martine alingoja. Alikuwa amezoea kungoja, jinsi muuza samaki anavyomngojea mnunuzi aseme neno lake. Alipoona neno haliji, aliinuka, akamshika kaka yake chini ya kiwiko akamwinua. Alimshukuru Mama Edith kwa kahawa. Kisha akamgeukia Clément, na sauti yake haikuwa na hasira.

— Balisema we unaenda Kasenga, Bwana Inspekta.

— Ndiyo, Mama. Kesho asubui.

— Lori ya samaki ya Pweto inapita kule, na hakuna ingine njia ile. Tutapanda pamoja. Basi, utafikiri vizuri. Ile njia iko murefu, utatuambia.